Pua ya Mama Mkwe

Stanslaus alipewa kipaza sauti kwa sababu alikuwa na sauti ndogo. Wahudumu wenzake wa afya katika kata ya Buswahili walikuwa na sauti za kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya mto, kwa hiyo ofisi ilipoleta kipaza sauti kimoja hapakuwa na ubishi. Alipewa pia boksi la barakoa na agizo la kuzunguka vijijini kuwahimiza watu wazivae kujikinga na korona. Mwaka uliotangulia watu walikuwa wamejifukiza kwa mwarobaini mpaka wakatoka kwenye mablanketi wamelowa chapachapa. Mwaka huu waliambiwa barakoa. Walimsikiliza kwa heshima zote, na hawakuvaa.

"Barakoa ni ya mtu anayeficha kitu," Jastin wa bodaboda alimwambia pale kijiweni. "Nikiivaa, abiria atajuaje kama ni mimi?"

"Atakujua kwa pikipiki."

"Pikipiki ni ya bosi."

Stanslaus alitaja mapafu, akataja wagonjwa waliolazwa Musoma, akataja misiba ambayo kila mtu alikuwa ameihudhuria. Watu waliitikia kwa vichwa, wakapokea barakoa kwa mikono miwili kama inavyostahili kupokea zawadi, wakazitia mifukoni. Mzee mmoja aliitumia ya kwake kuchujia maziwa, na siku chache baadaye akaja kuomba nyingine, maana ya kwanza ilikuwa imefanya kazi nzuri sana.

Haya yote Stanslaus angeyavumilia kama si mama mkwe wake. Nyangi, mama yake Matrida, aliishi peke yake kitongoji cha pili na kuuza udaga mnadani kila wiki, ile mihogo iliyovundikwa ikakaushwa juani. Miaka ya nyuma aliugua kifua kikuu. Alimeza dawa mpaka akamaliza, akapona, akanenepa. Lakini daktari wa Musoma alimwonyesha Matrida picha ya mapafu na kumwambia kwamba kifua kile kimebaki kama kitenge kilicholiwa na mende: kwa mbali ni kizima, ukikivuta kinachanika. Homa ya mapafu ikimpata mama huyu, asitarajiwe kuinuka.

Matrida hakuisahau ile picha. Kila asubuhi mumewe alipochukua kipaza sauti, alimwambia neno lile lile.

"Unaendaga kuokoa mama za watu. Wangu je?"

Lakini Stanslaus hakuruhusiwa kuzungumza na mama wa Matrida. Kwa watu wa kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawashikani mikono, hawali sahani moja, na neno lao hupita kwa mtu wa tatu. Wakigongana njiani, mwanamume huacha njia, na mwanamke huvuta khanga akafunika uso, yabaki macho ya kuonea njia. Ndiyo heshima yenyewe, na asiye nayo huulizwa alizaliwa na nani.

Na katika heshima hiyo Stanslaus hakuwa na mpinzani. Wakwe wengine walisubiri waonane ndipo wakwepane. Yeye alijificha mapema. Aliitambua khanga ya Nyangi tangu ikiwa nukta ya rangi kule bondeni, na mama alipokuja kuinua macho, mkwe alishazama kwenye mihogo zamani. Wazee walimtaja kwenye vikao vya posa kama mfano wa mtu aliyelelewa. Alijisikia vizuri kutajwa.

Kwa hiyo alifanya alichoweza. Alipokwenda Musoma kuchukua boksi jingine, alipita mtaa wa Iringo kwa fundi cherehani Yunusu na kipande cha khanga ambacho Matrida alikikata kwenye khanga kuukuu ya mama yake. Aliomba ashonewe barakoa moja, yenye tabaka tatu, ya mama mkwe.

"Pua yake ikoje?" Yunusu aliuliza, futi ikimning'inia shingoni.

"Sijui."

"Ndefu, fupi, bapa?"

"Sijawahi kuiona."

Yunusu alimwuliza ameoa lini. Stanslaus akasema zamani. Yunusu, ambaye kila Ijumaa baada ya sala alikula pilau kwa mama mkwe wake na kuongezwa, alisema kila watu na yao. Kisha akakata kwa kukisia pua ya Matrida, ambayo angalau mumewe alikuwa ameiona.

Matrida aliipeleka ile barakoa. Nyangi aliipokea, akaigeuza mbele na nyuma, akasifu mshono. Halafu akaikunja na kuiweka sandukuni pamoja na nguo za kanisani. Alisema ni nzuri mno kwa mnadani.

Mambo yaligeuka siku Stanslaus alipokuwa kijiweni akitangaza, akaiona ile khanga inapanda kutoka bondeni. Alikatisha sentensi na kuruka kwenye shamba la mihogo, kipaza sauti mkononi. Kwa haraka hakukizima. Kijiwe kizima kikasikia majani yakivunjika, na kisha pumzi za mtu mzima aliyechuchumaa. Nyangi alifika, akawasalimia vijana wa bodaboda, akawashika mikono mmoja mmoja, akauliza habari za nyumbani kwao, akaenda zake. Stanslaus alimtazama mgongo kutoka kwenye mihogo na roho ikamuuma. Ile mikono yote ilikuwa imetoka kubeba abiria wa kutoka kila mahali.

"Huyu jamaa," Jastin aliwaambia wenzake, "angekuwa anaikwepaga korona hivyo, korona ingempatia wapi?"

Kijiwe kikacheka. Kwenye mihogo kipaza sauti kikakwaruza.

"Jamani," sauti ilitoka kwenye majani. "Jastin amesema kweli. Kila mtu mnayekutana naye, mchukulieni ni mkwe. Msimshike mkono. Msile naye sahani moja. Simameni mbali, fungeni mdomo na pua, mpeni heshima yake. Basi. Sina jingine."

Tangu apewe kile kipaza sauti, ilikuwa mara ya kwanza maneno yake kuwaingia watu. Mita moja na nusu aliyokuwa akiitangaza hakuna aliyewahi kuipima, lakini umbali wa mkwe kila mtu alikuwa nao miguuni tangu utoto. Jastin mwenyewe alitoa barakoa mfukoni, akapangusa vumbi la tumbaku, akaivaa. Mpaka mwisho wa wiki Buswahili yote ilikuwa imefunga pua.

Walifunga na kupitiliza. Kilabuni wanywaji walikaa kila mmoja na kikombe chake, nyuso zikitazama ukuta. Kwenye mkutano wa kijiji watu walimpa mwenyekiti migongo, naye akasema tangu achaguliwe hajawahi kuheshimiwa namna ile. Mwanamke mmoja alikuja kushtaki kwamba mumewe sasa anamsalimia kutoka zizini. Stanslaus ilibidi apite tena na kipaza sauti kufafanua kwamba mke si mkwe, na kwamba ndani ya nyumba watu waendelee kama zamani.

Habari zilifika wilayani Butiama. Debora, mratibu wa elimu ya afya, alikuja na gari siku ya mnada, akakuta wauza mbuzi, wauza mitumba na wauza sufuria wote wamefunika nyuso na kusimama kila mtu na nafasi yake. Alizungusha macho, akayazungusha tena.

"Hii tunaipeleka Bunda," alisema. "Wiki ijayo, siku kama hii, kuna mkutano mkubwa. Wewe ndiye utakayesema. Na kuna nafasi ya ajira inakuja ofisini, Stanslaus, sitaki kusema zaidi." Akanyoosha kidole. "Ila yule mama wa udaga mbona yuko wazi?"

Stanslaus hakuwa tena pale alipokuwa. Sauti yake ilitokea nyuma ya gari.

"Yule ni mama mkwe wangu."

Ni kweli. Katika mnada mzima uso mmoja tu ulikuwa wazi, na ndio huo uso ambao kwa ajili yake Stanslaus alikuwa halali vizuri. Nyangi alikuwa anacheka na wateja, meno yote nje, vumbi la udaga likimpanda puani.

Jioni Matrida alikwenda kumwuliza mama yake kulikoni. Alirudi, akampakulia mumewe ugali, akakaa mbele yake.

"Anasema watu wameambiwa wamkwepe kila mtu kama mkwe, na yeye wanamkwepa vizuri, hana lawama. Anasema mkwe mwenyewe ndiye yeye. Sasa yeye amkwepe nani?"

"Si ungemwambia na yeye anatakiwa kufunika? Mama mkwe akimwona mkwewe si anafunikaga?"

"Nimemwambia. Amesema angefunika, mbona. Ila tangu unioe hajawahi kukuona. Anakujua mgongo tu."

Tonge likabaki hewani. Stanslaus alilitazama, akalirudisha sahanini. Miaka yote aliyosifiwa, na sifa yenyewe ndiyo iliyouacha uso wa mama wa watu wazi. Angekuwa mkwe wa hovyo kidogo tu, wa kuonekana onekana, Nyangi angekuwa amezoea kufunika pua. Aliona uchungu, na kidogo aliona hasira, ila hakumpata wa kumkasirikia.

Wiki iliyofuata gari la Debora lilikuja kumchukua kwenda Bunda. Stanslaus alikuwa amevaa shati la kola na barakoa safi. Akamwambia Debora kwamba hataenda.

"Una udhuru gani?"

"Kuna mtu inabidi anione."

Debora alimtazama kama anayengoja sentensi iendelee. Haikuendelea. Akachukua kipaza sauti, akasema ofisi haiwezi kumngoja mtu mmoja, gari likaondoka. Stanslaus aliliangalia mpaka vumbi lilipotulia, maana ile ajira aliitaka kweli. Kisha akaenda mnadani.

Alipita katikati ya wauza mbuzi, akapita mitumba, akaenda kusimama juani, upande wa pili wa njia, akitazamana na magunia ya udaga. Kivuli kilikuwepo, lakini kivulini asingeonekana. Mbuke, jirani yake Nyangi pale mnadani, ndiye aliyemwona kwanza.

"Nyangi. Mkweo huyo."

"Wapi?"

"Hapo mbele. Amesimama."

Nyangi aliinua macho. Ndipo Stanslaus alipoiona pua ya mama mkwe wake kwa mara ya kwanza. Ilikuwa pua ya kawaida. Hata hivyo, kila kilichokuwa kimefundishwa mwilini mwake kilimwambia kimbia. Nyangi alimngoja akimbie. Watu wa pembeni nao walimngoja. Mama alipoona mwanamume hasogei, akavuta khanga polepole, akafunika pua na mdomo, akaifunga kisogoni ili mikono ipate kupima udaga. Stanslaus akashusha pumzi ndani ya barakoa yake, na hakusogea mpaka mnada ulipoisha.

Jumapili hiyo alikaa kwenye benchi la kwaya, ambalo linatazamana na waumini, ingawa hakuwa mwanakwaya na hakujua kuimba. Nyangi alisali kafunika uso ibada nzima. Mnada uliofuata mama alihamisha magunia yake nyuma ya mashine ya kusaga, mkwe akahamia nyuma ya mashine ya kusaga. Akampa mgongo, mkwe akazunguka. Hatimaye Nyangi akamwita Mbuke asimame katikati, kwa kuwa desturi inataka mtu wa tatu, ingawa kila neno lilisikika vizuri pande zote mbili.

"Mwambie aondoke. Nashindwa kupumua."

"Anasema uondoke, anashindwa kupumua," Mbuke alisema.

"Mwambie namwona anapumua vizuri."

"Anasema unapumua vizuri."

"Mwambie watu wananiuliza kama mkwe wangu amerukwa na akili."

"Wanamuuliza kama umerukwa na akili."

"Mwambie awajibu ndiyo."

Mbuke aliyafikisha, akaomba aruhusiwe kurudi kuuza nyanya zake.

Wazee waliacha kumtaja kwenye posa. Mmoja alisema ndivyo ilivyo, mtu huonekana mwema mpaka siku ya kujulikana. Debora alirudi kutoka Bunda na habari kwamba mkutano ulifana, na kwamba ile nafasi amepewa mtu mwingine. Matrida alichekwa kisimani. Alikuja mnadani kumwondoa mumewe kwa nguvu ikibidi, akamkuta juani, jasho limelowesha shati la kola, na ng'ambo ya njia akamwona mama yake amefunga khanga kisogoni. Alimwonea mumewe aibu na alimpenda, vyote viwili kwa pamoja, na hakujua aanze na kipi. Akaenda kumtafutia mwavuli.

Ugonjwa Stanslaus aliupata kwenye semina ya barakoa. Shirika moja liliwakusanya wahudumu kutoka kata mbalimbali katika chumba kimoja pale Butiama, madirisha yamefungwa kwa sababu ya upepo. Walifundishwa siku nzima wakiwa wamefunga pua. Ilipofika chai, wakavua wote kwa pamoja, wakala chapati wakisimuliana. Siku chache baadaye harufu ya sabuni ilimpotea, kisha ikaja homa, kisha kifua. Kituo cha afya walimpa dawa na kumwambia akae peke yake, pumzi ikibana zaidi arudi haraka. Akahamia chumba cha nyuma chenye dirisha la uani. Matrida alimwekea chakula mlangoni na kukikuta vilevile.

Siku ya mnada ilimkuta hapo. Alijaribu kuinuka, akafika ukingoni mwa kitanda, miguu ikagoma.

"Nipe viatu," alimwambia Matrida kupitia mlango.

"Vya kwenda wapi?"

"Leo atakuwa wazi."

"Lala, Stanslaus."

Alilala akitazama dari. Homa haikumtisha kama kile alichokiona akifumba macho: magunia ya udaga, vumbi, na ile pua ya kawaida, peke yake katikati ya watu. Aliogopa kweli kweli. Jua lilikuwa limepanda sana aliposikia Matrida akirudi mlangoni, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Mama yuko nje."

Stanslaus aligeuza kichwa. Dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya hewa. Kule mwisho wa ua, mbali kama mkwe anavyotakiwa kuwa mbali, Nyangi alikuwa amesimama juani akitazama dirishani. Khanga ilikuwa mabegani. Usoni alikuwa amevaa barakoa ya Yunusu, iliyokunjuliwa kutoka sandukuni na mikunjo yake bado inaonekana. Ilikuwa imelegea kidogo juu ya pua, na Stanslaus, ambaye sasa alikuwa anaijua pua ile, aliona kosa la fundi palepale.

"Ananiona?" Nyangi aliuliza.

"Anakuona, mama," Matrida alijibu kutoka kibaraza cha nyuma.

"Mwambie nilienda mnadani. Nimepanga udaga, nimetazama huku na huku. Nimevuta khanga, nikakosa wa kumfunikia. Nikarudi nyumbani, nikafungua sanduku."

"Anasema alienda mnadani..." Matrida alianza, akashindwa kumaliza.

"Nimesikia," Stanslaus alisema.

"Mwambie hiki kitu kinabana masikio."

"Mwambie fundi alikisia," alisema Stanslaus, na akakohoa kwa muda mrefu. Nyangi alingoja kikohozi kiishe. Hakusogea kutoka juani.

"Mwambie nitakivaa," alisema. "Mnadani, kanisani, popote. Asiamke kuja kunisimamia. Lakini na hili umwambie vizuri, Matrida, usipunguze neno. Nimekivaa kwa ajili yake. Akifa, nakivua."

Matrida hakulifikisha. Halikuhitaji kufikishwa. Nyangi alibaki pale pale alipokuwa, mikono nyuma, kama mtu aliyepangiwa zamu.

Stanslaus hakutaka mama mkwe amwone analia. Akavuta shuka mpaka juu ya macho, kama desturi inavyotaka, na kutoka humo ndani akaomba uji.